Ugali Unapokataa Kushuka

Mkazi wa Lusu, wilayani Nzega, Tabora, akiona matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, yanamkwaruza kooni, huyaacha. Ugali ukianza kukwama kifuani, huuteremsha kwa mlenda au funda la maji. Baadaye anahamia kwenye uji, na nyumbani wanasema ni vidonda vya tumbo tu. Kila chakula kinapolainishwa, familia inapata nafuu na ugonjwa unapata muda.

Umio, mrija unaopeleka chakula tumboni, hutanuka sana. Ndiyo maana uvimbe wa saratani huwa umeshakua kabla mtu hajahisi kizuizi. Kwanza hukwama vyakula vikavu, kisha laini, mwisho hata maji. Anayekonda huku chakula kikimkwama asisubiri kufika hatua ya maji.

Ukanda unaoanzia Ethiopia na Kenya, ukapita Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, una wagonjwa wengi wa saratani ya umio. Wengi wana aina inayoanzia kwenye utando wa ndani wa umio. Ipo nyingine adimu, ya seli ndogo, iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1952. Hii huenea kwa kasi: mara nyingi hugunduliwa ikiwa imeshasambaa, hivyo upasuaji peke yake hautoshi, tiba hutegemea dawa za saratani na mionzi. Kwa macho tu, aina hizi huweza kufanana. Daktari huingiza kamera kupitia mdomoni, anachukua kipande kidogo cha nyama, na hadubini ndiyo inayoamua.

Tumbaku na pombe huongeza hatari. Tabora inalima tumbaku kwa wingi, ila hatari hii inamhusu hasa anayeivuta. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema vinywaji vya moto wa zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi huenda vinasababisha saratani ya umio. Huko Kilimanjaro, watafiti waliopima vikombe walikuta watu wakianza kunywa chai ikiwa na wastani wa nyuzi 70 hivi. Chai ya maziwa, inayosifiwa kwa ulaini, ndiyo iliyonywewa ikiwa ya moto zaidi kuliko ya rangi.

Safari ianzie zahanati, na mgonjwa aombe rufaa mapema. Katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, kuna huduma za saratani pamoja na mionzi.

Hata aliyechelewa ana msaada. Hospitali ya Tenwek, Bomet nchini Kenya, imewawekea wagonjwa wengi kibomba cha wavu wa chuma kinachotanua umio. Hakiondoi saratani, lakini aliyekuwa akishindwa hata maji anaweza tena kula chakula laini, akitafuna polepole na kuketi wima.