Pikipiki Iliyoanguka: Namna ya Kupima Sehemu ya Mbele

Wakati wa mavuno ya mpunga njia zetu za Rujewa hujaa pikipiki zilizopakia magunia. Njia za kando ya mifereji ni nyembamba, tena huteleza, kwa hiyo kuanguka kidogo si jambo geni. Mwendeshaji hujifuta tope, huiinua pikipiki, na akiona usukani umekwenda upande hulibana gurudumu la mbele kwa magoti, akauvuta usukani mpaka unyooke machoni pake. Kisha huyo, ashika njia ya Igawa mpaka barabara kuu ya lami, wanakopita wenye malori ya Zambia. Somo hili lahusu hatari inayoweza kufichwa na kazi hiyo ya magoti.

Kwanza tuvijue viungo vyenyewe. Gurudumu la mbele hushikwa na ekseli, na ekseli hushikwa na miguu ya shokapu mbili. Katika kila mguu huingia bomba la chuma king'aacho. Mabomba hayo hubanwa na vibano viwili, cha juu na cha chini, navyo huzunguka juu ya gololi zilizomo shingoni mwa fremu. Shokapu za namna hii, zenye oili ndani ya kutuliza mtikisiko, zilitiwa katika pikipiki za BMW za Ujerumani mwaka 1935. Boxer na TVS tuzionazo hapa zina shokapu za jamii hiyo hiyo.

Usukani ukiwa upande, sababu zaweza kuwa tatu. Huenda usukani wenyewe umepinda. Huenda mabomba ni mazima ila yamejisokota ndani ya vibano. Au huenda bomba limepinda. Kwa macho tu mambo haya matatu hufanana sana, na hapo ndipo watu hudanganyika.

Usukani ni rahisi: uufungue, uulaze juu ya meza iliyo sawa, ukautazame. Kwa mabomba, tia gogo chini ya injini ili pikipiki isimame imara, na gurudumu liguse ardhi kwa wepesi. Legeza nati ya ekseli, bolti za madigadi, na bolti za vibano vyote viwili. Usizitoe, zilegeze tu. Sasa lizungushe gurudumu lilingane na usukani. Hapa magoti yanaruhusiwa, maana hakuna kinacholazimishwa. Angalia pia kwamba mabomba yametokeza sawa juu ya kibano cha juu. Kaza kibano cha chini, halafu cha juu. Toa gogo, ukandamize usukani mara kadhaa ili shokapu zipande na kushuka, ndipo ukaze ekseli na madigadi. Kama yalikuwa yamejisokota tu, kazi imekwisha, wala hukununua kitu.

Ikiwa gurudumu halikubali kulingana, yatoe mabomba. Pikipiki moja tuliyoipima ilikuwa imekwisha nyooshwa kwa magoti, na mwenyewe akaisifu sana. Tuliyaviringisha mabomba yake juu ya kipande cha kioo cha dirisha. La kushoto lilikwenda kimya. La kulia liligonga kioo kwa kila mzunguko, na katikati tuliona mwanga ukipita chini yake. Lilikuwa limepinda mahali pale pale ambapo hupinda mara nyingi, yaani chini kidogo ya kibano cha chini. Wanafunzi wa fizikia wataona sababu mara moja: gurudumu lasukumwa nyuma, kibano chashika, na bomba lote lililo kati yao ni mkono wa wenzo.

Wako mafundi wanyooshao bomba kwa moto na nyundo. Najua bomba jipya ni fedha nyingi kwa kijana anayelipa deni la pikipiki kila juma. Lakini chuma kilichopashwa moto hivyo hupoteza ugumu wake, na ngozi yake ing'aayo huchubuka ikakata mpira unaozuia oili. Bomba hilo litapinda tena, na siku hiyo huenda abiria yumo nyuma. Libadilishwe.

Shingo nayo ipimwe. Inua gurudumu, ugeuze usukani polepole. Ukihisi kama unakwama kidogo katikati, gololi zimechimba njia zake, nazo hubadilishwa pamoja na vikombe vyake. Shika miguu ya shokapu chini, uvute na kusukuma. Ukisikia mgongano, nati ya shingo imelegea. Kisha chungulia chini ya tangi. Rangi iliyopasuka, au chuma kilichojikunja nyuma ya shingo, maana yake fremu imeumia. Usitie fedha kwingine kabla fundi wa fremu hajaiona.

Rimu na spoki sina haja ya kuzieleza sana: zungusha gurudumu, sogeza kijiti karibu na rimu, nawe utaona inapoyumba.

Ila breki ya ngoma yahitaji uangalifu mkubwa. Bamba lake lina mfuo, na mguu wa shokapu una jino. Wakati wa kurudisha gurudumu, jino hilo sharti liingie katika mfuo. Lisipoingia, siku utakapokamata breki bamba litazunguka pamoja na gurudumu, likate waya au likwamishe gurudumu ghafula. Mwisho, washa injini, ugeuze usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia. Injini ikinguruma zaidi bila wewe kugusa mafuta, waya umebanwa.

Jaribio la kwanza lifanywe uwanjani, polepole, bila mzigo wala abiria, na kofia ngumu kichwani. Baada ya siku chache kaza tena spoki, bolti za vibano na nati ya shingo, kwa kuwa vitu vipya hujikalia mahali pake vikalegea.