Nafsi Inayongoja Hukumu: Maswali na Majibu juu ya Afya ya Akili ya Mahabusu

Maswali haya huulizwa aghalabu na ndugu wa mahabusu, watendaji wa vijiji na viongozi wa dini katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Mtaalamu wa maradhi ya akili anayajibu hapa kwa ajili ya wote ambao jamaa yao yumo rumande na hawajui waanzie wapi.

Mahabusu na mfungwa wamo nyuma ya ukuta mmoja. Kwa nini dhiki ya mahabusu isemwe peke yake?

Kwa sababu mfungwa, hata kama adhabu yake ni nzito, anaijua siku ya kutoka na anaweza kuihesabia, ilhali mahabusu, ambaye Katiba yetu katika ibara ya 13 inakataza kumtendea kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika, hajui kama atatoka kesho au baada ya miaka. Kesi yake hutajwa, huambiwa kwamba upelelezi haujakamilika, kisha hurudishwa rumande kungoja siku nyingine ya kutajwa. Na aliyeshtakiwa kwa kosa lisilo na dhamana, kama mauaji au unyang'anyi wa kutumia silaha, hana njia ya kungojea nyumbani, kwa kuwa Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 2020 kwamba kifungu kinachozuia dhamana hiyo hakivunji Katiba. Kutojua huku ndiko kunakoila nafsi, na kwa hiyo habari sahihi juu ya kesi ni sehemu ya tiba, tena ni sehemu ambayo haihitaji daktari kuitoa.

Nitatambuaje kwamba huzuni yake imekuwa maradhi?

Kulia, kukosa usingizi na kupoteza hamu ya chakula katika siku za kwanza ni mambo yanayompata hata mtu mwenye siha njema, nayo hupungua akipata wa kuzungumza naye. Lakini simanzi ikidumu wiki mbili bila nafuu, akaacha kuoga, akajitenga na wenzake, akakataa kuonana na waliomjia, au akaanza kusikia sauti wasizozisikia wengine, hapo yapasa aonwe na tabibu. Ipo hatari nyingine ijayo upesi zaidi: mtu aliyekuwa akinywa gongo kila siku, akikatizwa ghafla, anaweza katika siku chache za mwanzo kutetemeka, kutoka jasho, kuweweseka na kupatwa na degedege. Askari wasidhani kwamba anajifanya, maana hali hiyo yaweza kuua, nayo hutibika hospitalini.

Mwanangu ana kifafa, naye amekamatwa bila dawa zake. Nifanye nini?

Nenda kituoni leo hii, wala usingoje afikishwe gerezani. Chukua kadi yake ya kliniki na dawa zikiwa katika pakiti zake, umkabidhi mkuu wa kituo, na umweleze kwamba kuacha dawa za kifafa ghafla kwaweza kuleta degedege zinazofuatana bila kupumzika. Usione haya kuyasema haya, kwani kifafa si wazimu wala si laana: tafiti zilizofanywa katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, zimeonyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wa kifafa wa sehemu hizi wana mabuu ya tegu wa nguruwe katika ubongo. Akihamishwa, omba kadi na dawa zimfuate. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zataka kila anayeingia gerezani apimwe afya mapema iwezekanavyo, na matibabu aliyokuwa nayo yasikatike.

Mtuhumiwa akionekana hana akili timamu, mahakama hufanyaje?

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai yaipa mahakama uwezo wa kuamuru achunguzwe, na safari hiyo aghalabu huishia Dodoma, katika Taasisi ya Isanga iliyo chini ya Hospitali ya Mirembe, iliyoanzishwa mwaka 1927. Madaktari hupewa siku 42 za kuandika taarifa yao. Hapo yapo maswali mawili yasiyofaa kuchanganywa: kama alikuwa na akili timamu alipotenda, na kama leo anaweza kuifuata kesi na kujitetea. Ndugu wanayajua mengi yasiyojulikana na daktari, basi na waandike lini alianza kubadilika, ni nani waliomwona, na alitibiwa wapi, iwe hospitalini au kwa mganga, kisha wamkabidhi wakili. Na akiisha kupata nafuu, wafuatilie bila kuchoka, asije akasahauliwa baina ya hospitali na mahakama.

Baadhi ya wazee wetu hawakijui Kiswahili vizuri. Watasaidiwaje?

Mzee wa Kibarbaig aliyezeeka akichunga ng'ombe katika malisho ya Basotu, ukimwuliza kwa Kiswahili cha ofisini kama ana msongo wa mawazo, atajibu hapana, na jibu hilo litaandikwa. Mwulize kwa Kidatoga kama analala, kama chakula kina ladha, kama moyo unamwenda mbio usiku, nawe utayasikia mengi. Ndivyo ilivyo pia kwa Mwiraqw na kwa Mhadza. Lakini mkalimani asiwe mshtakiwa mwenzake wala askari anayeipeleleza kesi, maana siri ya mgonjwa haina mahali pa kukaa baina yao. Aulizwe pia misiba ya zamani: wapo waliofiwa katika maporomoko ya matope ya Katesh ya tarehe 3 Desemba 2023, na majonzi yao yakaingia nao rumande.

Naye anayesema kwamba ni heri afe?

Asikemewe wala asifungiwe peke yake. Mwulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Swali hilo halimtii wazo jipya, bali humpa ruhusa ya kuutua mzigo. Awekwe pamoja na mwenzake anayeaminika, aondolewe vitu vya hatari, na apelekwe kwa tabibu siku ileile. Kanuni ya Adhabu yetu ingali inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu ya shtaka la pili huwafanya wengi wanyamaze. Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka mwaka 2025 kwamba sheria ya namna hiyo haipatani na katiba yao, nami natamani kwa moyo wote nasi tufike huko.

Sisi ni maskini na nauli hatuna. Tumsaidieje?

Kama mnaweza kwenda mara moja tu, nendeni na habari: tarehe ya kesi, jina la hakimu, mdhamini aliyepatikana, barua ya mtendaji iliyokwisha pigwa mhuri, watoto wanavyoendelea shuleni, na nani anachunga mifugo. Msipoweza kwenda, mtumeni padre, mchungaji au shehe. Mtafuteni pia msaidizi wa kisheria, ambaye Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamtambua, awaeleze kesi imefika wapi. Na akiachiwa, endeleeni kumpeleka kliniki, wala kijiji kisimhukumu tena. Katika utunzaji huu hapana kinachopotea, kwa sababu akionekana hana hatia, tutakuwa tumemhifadhi mtu aliyeonewa. Na akipatikana na hatia, atakuwa amehukumiwa akiwa na akili ya kuielewa hukumu yake, na pasipo akili hiyo hukumu haiwezi kuitwa haki.