Uvimbe Katika Ziwa la Mama Anayenyonyesha

Mama mmoja alifika kwetu na mtoto wa miezi saba mgongoni. Alikuwa na uvimbe wa ukubwa wa limau katika ziwa la kushoto, na alikuwa amekaa nao miezi miwili bila kumwambia hata mumewe. Mama mkwe alipouona alisema ni kansa, akaamuru mtoto aachishwe ziwa siku hiyo hiyo. Daktari alipoingiza sindano na kuvuta, yalitoka maziwa. Maziwa tu, mazito. Uvimbe ukanywea palepale.

Uvimbe huo hutokea mfereji wa maziwa unapoziba, maziwa yakajikusanya kama katika kifuko. Huwa wa mviringo, huteleza chini ya vidole, na mara nyingi hauumi. Waweza kujaa tena; usiogope. Upo mwingine, wa tezi zenyewe za maziwa, unaoanza wakati wa ujauzito au wa kunyonyesha. Huo ni mgumu zaidi, na hata daktari hawezi kuutofautisha na kansa kwa vidole peke yake. Mara nyingi husinyaa wenyewe mtoto akishaacha kunyonya.

Ziwa likiwa jekundu na la moto, nawe una homa na kutetemeka, njoo upesi kabla halijatunga usaha. Endelea kunyonyesha: maziwa hayo hayamdhuru mtoto, na ukiacha ghafla hali huzidi. Weka kitambaa cha maji baridi. Usilikande kwa nguvu. (Mimi mwenyewe niliwafundisha akina mama kukanda kwa miaka mingi, sasa tunajua kwamba huumiza ziwa.)

Lakini anayenyonyesha naye huweza kupata kansa. Uvimbe usioondoka kwa wiki mbili uonwe na daktari, hata kama hauumi. Ngozi ikifanya vishimo kama ganda la chungwa, chuchu ikianza kuingia ndani au kutoa damu, tezi zikivimba kwapani, au wekundu usipopungua baada ya dawa, usingoje hizo wiki mbili.

Daktari ataagiza ultrasaundi, na pengine atachukua kinyama kidogo kwa sindano kikapimwe. Yote hayo hufanyika huku mama akinyonyesha. Ukiambiwa umwachishe mtoto kwanza ndipo upimwe, uliza sababu.

Yule mama tulimketisha kwenye benchi na mtoto wake. Mtoto alikataa ziwa, akalia sana. Siku ya tatu alinyonya.