Jinsi ya Kuchagua SSD ya Kuchukua Safarini

Muhula huu wanafunzi wengi wameniuliza, na kaka zetu wawili watatu waliokwisha kutoka shuleni wameleta ujumbe kuuliza jambo lile lile: wanunue SSD gani ya kutia mfukoni? Wananiuliza mimi kwa kuwa ndimi mtunza picha wa gazeti hili, na labda pia kwa kuwa wamesikia habari ya hasara yetu ya mwaka jana. Habari hiyo nitaieleza mahali pake. Kwanza yafaa tukijue kitu chenyewe.

Hadi diski ya kawaida ina sahani ndani yake, nazo huzunguka, zile ndogo za kubebeka aghalabu mara 5,400 kwa dakika. Juu ya sahani hupita kichwa cha kusomea, karibu mno lakini bila kuigusa. Ukiiangusha inapofanya kazi, kichwa huweza kuikwaruza sahani, na kazi yako ikapotea. SSD haina kitu kinachozunguka wala kusogea. Ndani yake mna vyumba vidogo mno vya silikoni, na kila kimoja hushika umeme kidogo sana. Huo umeme uliofungiwa ndio maandishi yako na picha zako. Flashi mnazoning'iniza shingoni ni ndugu zake, maana zote hutumia kumbukumbu ya namna moja iitwayo NAND, iliyotokana na kazi ya Fujio Masuoka na wenzake wa kampuni ya Toshiba huko Japani, wakaitangaza mwaka 1987. Tofauti ni kwamba SSD ina msimamizi hodari ndani, anayegawa kazi kwa chipu nyingi kwa wakati mmoja, ilhali flashi ya bei ndogo aghalabu ina chipu moja na msimamizi mvivu.

Sasa tuje kwenye kasi, maana hapo ndipo wauzaji wanapopiga kelele. Hadi diski ndogo ya kuzunguka hupitisha kama megabaiti 120 au 130 kwa sekunde. Samsung T7 iliyotoka mwaka 2020 imeandikwa kwamba husoma hata megabaiti 1,050 kwa sekunde. Kingston XS1000 ya mwaka 2023 nayo yadai hivyo hivyo, na uzito wake haufiki gramu 30. Samsung T9, ya mwaka huo huo wa 2023, yadai 2,000. Mtu akisoma hesabu hizi dukani, moyo wake huenda moja kwa moja kwa kubwa.

Lakini mmepata kuona watu wakizima moto kwa kupokezana ndoo. Wawepo vijana kumi wenye nguvu na mzee mmoja katikati, maji yatafika kwa mwendo wa yule mzee. Ndivyo ilivyo hapa. Msururu una SSD, una waya, una tundu la kompyuta, una na kompyuta yenyewe. Chomeka T9 katika tundu la zamani la USB 2.0, kama yale ya kompyuta nyingi za maabara yetu, utapata kama megabaiti 40 kwa sekunde na si zaidi. Hata tundu likiwa jipya, waya wa kuchajia simu uliouokota mezani huenda umetengenezwa kwa kasi ya USB 2.0 tu, ingawa ncha zake ni za USB-C na unaingia vizuri. Tumieni waya uliotoka ndani ya boksi. Tena ile kasi ya 2,000 yahitaji tundu la namna ya pekee, liitwalo USB 3.2 Gen 2x2, ambalo kompyuta nyingi hazina; na kompyuta nyingi za Apple, ingawa ni za fedha nyingi, zikipewa T9 huirudisha kwenye mwendo wa 1,000.

Hebu tufanye hesabu. Una picha na filamu za gigabaiti 60. Kwa USB 2.0, dakika 25. Kwa SSD ya megabaiti 500 kwa sekunde, dakika 2. Kwa ile ya 1,000, dakika 1. Kwa ile ya 2,000, nusu dakika. Kutoka dakika 25 mpaka 2 ni faida kubwa, maana umeme wetu hauna ahadi. Lakini kulipa fedha nyingi ili kutoka dakika 1 mpaka nusu ni shauri la mtu mwenye fedha za kuchezea.

Kuna na jambo jingine ambalo boksi haliandiki. Mmeona lori la mahindi linavyoshushwa: magunia hutupwa upesi barazani, kisha mtu mmoja huyaingiza ghalani pole pole. SSD nyingi zina baraza ya namna hiyo. Mwanzo huandika kwa haraka, baraza ikijaa mwendo hushuka. Katika zile za bei ndogo, ambazo kila chumba chake hushika biti nne, mwendo huweza kushuka hata chini ya hadi diski ya kuzunguka. Mtu anayenakili insha na picha chache hatajua kamwe kwamba jambo hili lipo. Anayenakili gigabaiti 300 kwa mara moja atajua, tena atajua usiku, wakati jenereta inakaribia kuzimwa.

Basi nani anunue nini? Kwa mwanafunzi wa kawaida, anayetaka kubeba madaftari na karatasi za mitihani ya zamani, jibu langu ni asinunue SSD. Flashi ya gigabaiti 64 ya kampuni ijulikanayo yatosha, na fedha zilizobaki anunue flashi ya pili ya kuweka nakala. Najua jibu hili halitawapendeza wale wa kidato cha nne. Wanaotaka SSD kwa ajili ya michezo nyumbani nao nawaambia mapema: michezo ya PlayStation 5 huweza kuwekwa katika SSD ya USB, lakini haichezeki kutoka humo, ile ya PlayStation 4 huchezeka.

Kaka yetu mmoja hupiga filamu za harusi. Huyo ana haja ya kweli. Achukue ya megabaiti 1,000, isiyo ya biti nne, terabaiti 1 au 2. Crucial X9 Pro au T7 zitamtumikia. Simu kama iPhone 15 Pro ya mwaka 2023 huweza kuandika filamu moja kwa moja katika SSD, na kwa filamu nzito Apple wataka SSD iandike walau megabaiti 220 kwa sekunde bila kulegea. Hapo hadi diski ya kuzunguka haiwezi kabisa, na ile SSD ya baraza ndogo itamwaibisha bibi harusi akiwa katikati ya kanisa.

Mwingine ni mpima ardhi, naye hupanda bodaboda kutwa katika vumbi na mvua. Yeye asihangaike na kasi. Atazame alama ya IP. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, na 6 maana yake vumbi haliingii. Ya pili ni ya maji, na 5 maana yake yaweza kurushiwa maji ya mpira, lakini si kuzamishwa mtoni. Samsung T7 Shield ya mwaka 2022 ina IP65 na imevikwa mpira. Tena afunge kazi zake kwa neno la siri, kwa kuwa mipaka ya mashamba ya watu si jambo la kuokotwa njiani. Bali akilisahau neno hilo, hakuna fundi wa kumsaidia.

Mwalimu anayetembea kati ya kompyuta za Windows na za Apple aitayarishe SSD yake kwa mtindo wa exFAT, unaosomeka kote. Ule wa zamani wa FAT32 haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Lakini exFAT haipendi kuchomolewa ghafula. Iageni kwanza katika kompyuta, ndipo mchomoe. Na kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri, msianze kunakili mawingu yakiwa meusi.

Sasa habari ya hasara yetu. Mwaka jana kamati ya gazeti ilichanga fedha, tukamtuma mwenzetu mjini. Akarudi na kisanduku cheusi kizuri, kizito mkononi, kimeandikwa SSD, terabaiti 16, kwa bei isiyofika hata nusu ya terabaiti 1 ya kampuni ijulikanayo. Tulifurahi sana. Hakuna aliyekumbuka kwamba Samsung wenyewe, walipotoa T5 EVO mwaka 2023, walijisifu kwa terabaiti 8 tu, tena kwa bei ya ng'ombe. Mimi ndiye ninayesoma Fizikia katika kamati ile, wala sikuuliza neno.

Juma lile tulikuwa tumejaza kadi mbili za kamera, jumla kama gigabaiti 90: mahafali, kwaya, na mwisho mazungumzo ya saa tatu na mzee wetu mpishi, aliyekuja hapa kijana wakati madarasa yalikuwa mawili, akajua jina la kila mwanafunzi aliyepewa adhabu ya kuchota maji. Nikanakili vyote. Majina ya mafaili yakaonekana yote. Nikafungua picha mbili tatu za mahafali, zikafunguka, nikaridhika. Kisha nikazifuta kadi za kamera ili zitumike siku ya michezo. Nasema nilizifuta mimi, kwa mkono wangu, wala sikutumwa na mtu.

Tulipotaka kuandika habari za mzee, faili halikufunguka. Tukafungua kisanduku kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na kadi ndogo ya simu ya gigabaiti 64, imegandishwa kwa gundi, na kipande cha chuma cha kuongeza uzito. Kadi ile ilikuwa imefundishwa kuiambia kompyuta kwamba ni terabaiti 16. Ilipojaa iliendelea kusema, "nimepokea, nimepokea," na kila iliyokipokea ilikitupa. Orodha ya majina huandikwa mwanzoni mwa kadi, ndiyo maana majina yalibaki. Mahafali yalipona kwa kuwa yalitangulia. Mzee alikuwa wa mwisho. Tulikusudia kumwendea tena likizo, lakini alifariki kabla ya Pasaka.

Basi SSD yoyote mtakayonunua, hata ya kampuni kubwa, maana nazo huigizwa, ipimeni kabla ya kuitia kitu. Katika Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw; katika Linux na Apple kuna F3. Hujaza SSD yote kwa maandishi ya majaribio, kisha huyasoma tena moja moja. Huchukua saa kadhaa kwa SSD kubwa, na yafaa kungoja. Mkiona terabaiti 1 inaonyesha 931 katika Windows, msigombe na muuzaji: kiwanda huhesabu kwa elfu elfu, Windows huhesabu kwa 1,024, na hakuna aliyeibiwa.

Na kwa hazina ya gazeti, yaani vitu vya kukaa miaka, hatukununua SSD tena. Ule umeme uliofungiwa vyumbani huvuja pole pole SSD ikikaa bila kuchomekwa, na joto huuharakisha. Kipimo cha chama cha JEDEC chataka SSD ya mtu wa kawaida, ikiwa imekwisha chakazwa kwa kuandikwa hadi kikomo chake, itunze kazi mwaka 1 bila umeme katika joto la digrii 30. Mpya hutunza zaidi ya hapo sana, lakini sanduku chini ya mabati si mahali pa kujaribu. Tumenunua hadi diski mbili za kuzunguka, za bei nafuu. Moja iko katika ofisi ya Bruda, ya pili katika maktaba, jengo jingine, na kila mwanzo wa muhula huchomekwa na kufunguliwa mafaili machache, ya mwanzo na ya mwisho. SSD tunayo moja ndogo ya kuchukua kazi kutoka kamera hadi hapo, na kadi ya kamera haifutwi mpaka nakala zote mbili zimefunguliwa na watu wawili.

Nina ombi kwa kaka zetu. Siku ya jubilei ya mwaka 2022 mzee alisimama baada ya chakula akasema, na wengi wenu mlikuwa mmeinua simu. Aliye na sauti yake, hata dakika tano, katika simu ya zamani au flashi iliyosahauliwa kabatini, ailete siku ya wazazi. Tutainakili mbele yake, na kuirudisha siku hiyo hiyo.