JINA MOJA, WATU MBALI MBALI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha Adam majina ya vitu vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Ama baad:

Katika ziara yetu ya kuwatembelea ndugu zetu Waislamu wa Meru na Embu, tulikaa usiku mmoja baada ya sala ya Isha katika msikiti wa mji wa Embu, tukafungua mlango wa masuali. Akasimama kijana mmoja, miongoni mwa walioingia katika Uislamu kwa hiari yao, akasema: "Sheikh, mimi nimeshindwa. Jirani yangu aliniuliza jambo nisiwe na jawabu, na tangu siku ile naona haya kupita mlangoni kwake."

Tukamwambia alieleze. Akasema: "Ameniambia kuwa Qur'ani yetu yamwita Maryamu, mama yake Isa, kuwa ni dada wa Harun. Na Harun ni ndugu yake Musa, na baina ya Musa na Isa zimepita karne nyingi. Basi asema, ama Mtume wetu hakuijua tarikh, ama alichanganya wanawake wawili kwa kuwa majina yao ni mamoja. Nami sikuwa na la kusema. Na wenzangu waliokuwapo walimjibu kwa matusi, ikawa aibu juu ya aibu."

Ndugu zetu wa pwani, sisi tulizaliwa mahali ambapo mtu aweza kuishi umri wake wote asiulizwe suali kama hili. Lakini ndugu zetu wa Meru na Embu ni wachache katikati ya watu wa dini nyingine, na kila siku waulizwa. Kwa hivyo tumeona tuliandike somo lile hapa. Jambo lenyewe latuhusu sote, nalo ni hili: jina si mtu. Majina huwa mamoja na watu wakawa mbali mbali, na asiyelijua hilo hukosea katika dini yake na katika dunia yake.

Kwanza tulimwambia kijana asione haya, kwani suali lile si jipya. Liliulizwa Mtume s.a.w. akiwa hai. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mughira bin Shu'ba r.a. alikwenda Najran, na Wakristo wa huko wakamuuliza suali hilo hilo juu ya aya ya 28 ya sura Maryam. Mughira hakuwa na jawabu, na wala hakuwatukana. Aliporudi Madina alimuuliza Mtume s.a.w., naye akamfahamisha kuwa watu wa zama zile walikuwa wakiwapa watoto wao majina ya Mitume na ya watu wema waliowatangulia. Yaani Harun huyu siye Harun yule. Wako pia maulamaa waliosema kuwa maana yake ni mtu wa kizazi cha Harun, kama Mwarabu anavyomwita mtu wa kabila ya Tamim ndugu wa Tamim. Njia zote mbili ni sawa, lakini iliyotoka kwa Mtume mwenyewe ndiyo ya kushikwa kwanza.

Kisha tukamuuliza kijana: "Baba yako ni nani?"

Akasema: "Njeru."

"Na mwanao wa kwanza?"

Akasita, kisha akasema: "Tumemwita Hamisi, lakini nyumbani bibi yake humwita Njeru."

Msikiti mzima ukacheka, kwani kila aliyekuwapo alikuwa na hali kama hiyo nyumbani kwake. Ada ya Waembu, kama ya jirani zao Wakikuyu, ni kumpa mtoto mwanamume wa kwanza jina la babu yake mzaa baba, na wa pili jina la babu yake mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa majina ya bibi zao. Kwa sababu hiyo jina halifi. Huzikwa mzee na jina lake likabaki likikimbia uani.

Tukamwambia: "Basi akija mgeni akasema kuwa mwanao ndiye baba yako, kwa sababu wote ni Njeru, utamjibu nini?"

Akasema: "Nitamwambia hajui mila yetu."

Tukasema: "Hilo ndilo jawabu la jirani yako. Naye ni Mwembu, atalifahamu kabla hujamaliza kusema."

Na tutazame mifano ya watu mashuhuri. Katika Embu alikuwako Njeru Kathangu, aliyechaguliwa mbunge wa Runyenjes mwaka 1992 akiwa katika upinzani. Na yuko Peter Njeru Ndwiga, aliyekuwa waziri wa ushirika katika serikali iliyoingia mwaka 2003, kisha akawa Seneta wa Embu kuanzia 2017 hadi 2022. Jirani yao wa Kirinyaga, Robinson Njeru Githae, alishika wizara ya fedha mwaka 2012, kisha akawa balozi wa Kenya huko Marekani. Hao ni Njeru watatu. Mwenye kusema "Njeru alifanya hivi" na akanyamaza hajatoa khabari yoyote.

Tazama tena jina la Nyagah. Mzee Jeremiah Nyagah, aliyezaliwa 1920 na kufariki 2008, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958 na akawa waziri kwa miaka mingi. Mwanawe, Joseph Nyagah, aliyefariki 2020, naye alikuwa waziri, na mwaka 1917 hakuwako, wala baba yake hakuwako. Lakini 2017 aligombea urais wa Kenya. Akikosea mwandishi tarakimu mbili tu, au akiandika "Waziri Nyagah" bila ya jina la kwanza, msomaji hatajua kama yasemwa khabari ya baba au ya mwana.

Meru nako ni hivyo hivyo. Mchungaji Samuel Kobia alikuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Makanisa la Ulimwengu tangu 2004 hadi 2009, na baadaye akawa mwenyekiti wa tume ya uwiano wa kitaifa. Profesa Margaret Kobia alikuwa mwenyekiti wa Tume ya Utumishi wa Umma tangu 2013, kisha waziri tangu 2018 hadi 2022. Anayesikia "Mwenyekiti Kobia" hana budi kuuliza: Kobia yupi, na tume ipi?

Na katika wapiganaji wa Mau Mau wa Meru, mkubwa wao aliyetoka msituni baada ya uhuru wa Desemba 1963 alikuwa Musa Mwariama, aliyefariki 1989. Jina lake ni Musa. Je, yuko mtu mwenye akili atakayesema kuwa Wameru wamemchanganya na Nabii Musa a.s.? Hayuko. Basi likiwezekana hilo katika Musa, limekatazwa na nini katika Harun? Na hivyo hivyo Imran: baba yake Maryamu ni Imran, na wafasiri wasema baba yake Musa naye alikuwa Imran. Ni watu wawili.

Hata katika Injili ya Luka, sura ya kwanza, imeelezwa kuwa jamaa za Zakaria walistaajabu mtoto alipoitwa Yahya, kwa kuwa katika ukoo wao hapakuwa na mwenye jina hilo. Mshangao wao wenyewe ni dalili kwamba ada ya watu wale ilikuwa kuyarithisha majina. Na Qur'ani nayo, katika aya ya 7 ya sura Maryam, yatufahamisha kuwa Yahya hakupata kuwa na somo wake kabla yake. Mmoja asiyekuwa na somo hutajwa kwa kuwa wengine wote wanao.

Tusidhani kuwa kosa hili ni la jirani peke yake. Sisi wenyewe tumo ndani yake. Ni wangapi katika miji yetu waliokwisha kusikia kuwa Imam Malik ni mwana wa Anas bin Malik, sahaba aliyemtumikia Mtume s.a.w.? Baba yake Imam Malik kweli jina lake ni Anas, na babu yake kweli ni Malik. Lakini sahaba Anas ni Answari wa Madina, na ukoo wa Imam Malik ni wa Asbah wa Yaman. Yuko na sahaba mwingine aitwaye Anas bin Malik, wa ukoo wa Ka'b, aliyepokea hadithi ya msafiri na saumu. Watatu hao wana jina moja na jina la baba moja. Kwa khatari hiyo maulamaa wa hadithi waliifanya ni elimu mbali, na Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki 463 Hijria, akaitungia kitabu kizima. Kwani akichanganywa mkweli na mwongo wenye jina moja, hadithi ya uwongo huingia katika dini kwa mlango wa mkweli.

Nasi tusijitoe. Siku za ujana wetu tulisimama katika majlisi tukamrudi mtu mzima mbele za watu, tukasema: "Hivi ndivyo alivyosema Ibn Hajar, mwenye Fat-hul Bari." Neno lenyewe tulilisoma katika Tuhfa. Mzee mmoja alitungoja mpaka watu wakatawanyika, akatwambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mwenye Fat-hul Bari ni Ahmad bin Ali, wa Asqalani, na alikufa mwaka 852. Mwenye Tuhfa ni Ahmad bin Muhammad, wa Haytam, na alizaliwa mwaka 909. Umemsemesha maiti." Wote wawili ni Ahmad, wote ni Ibn Hajar, wote ni Mashafi. Tulikwenda kwa yule tuliyemrudi tukamtaka radhi, na uso wetu ulikuwa mzito kuliko miguu.

Hapa pwani pia, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki 1947, siye Profesa Ali Al-Amin Mazrui, aliyezaliwa 1933 na kufariki 2014. Huyo ni mwanawe. Na Alamin Mazrui aliyeandika Kilio cha Haki ni mtu wa tatu. Mwenye kunukuu neno la mmoja akalitia kinywani mwa mwingine amewadhulumu wote wawili.

Basi mtu atajulikanaje? Maulamaa walitazama mambo manne. La kwanza ni baba yake, na baba wa baba yake. La pili ni mji wake na kabila yake. La tatu ni zama zake, amezaliwa lini na amekufa lini. La nne ni kazi yake, na waalimu wake, na watu aliokuwa nao. Yakikutana manne haya, shaka huondoka. Likikosekana moja, uliza. Yakikosekana yote, nyamaza.

Na katika hayo manne, la kwanza sisi wenyewe twaliharibu. Huko Meru na Embu tuliwaona ndugu wengi walioingia katika dini, wakaambiwa na waliowasilimisha kuwa sasa wao ni "bin Abdalla". Jina la baba likatupwa kama nguo mbovu. Katika msikiti mmoja tulikuta watu wanne, kila mmoja ni Yusuf bin Abdalla, na hapana hata mmoja ambaye baba yake ni Abdalla. Haya hayana asili katika sheria. Mwenyezi Mungu katika aya ya 5 ya sura Al-Ahzab ametuamrisha kuwaita watu kwa baba zao, na akasema kuwa hilo ndilo la uadilifu zaidi mbele yake. Sahaba Ikrima r.a. alisilimu, na baba yake alikuwa Abu Jahl, adui mkubwa wa Uislamu, na akabaki kuwa ni Ikrima bin Abi Jahl. Je, huyu wetu ambaye baba yake ni Njeru au Kirimi, mkulima asiyemdhuru mtu, avuliwe baba yake kwa kosa gani? Na mwanawe atawajuaje shangazi zake na ndugu zake wa damu, asije akaoa asiyemhalalikia? Jina lenye maana njema, liwe la Kiarabu au la Kimeru, halina ubaya. Libadilishwe lenye shirki au lenye maana mbovu, na jina la baba libaki.

Jambo la mwisho ni khabari za watu. Siku hizi khabari husafiri upesi kuliko upepo wa kusi. Husikika kuwa fulani ameiba, au fulani ametiwa mbaroni, na hapo hapo huaziriwa mtu mwema kwa kuwa jina lake na la mwizi ni moja. Aya ya 6 ya sura Al-Hujurat yatuamrisha kuichunguza khabari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga tukaja tukajuta. Mwenye kusikia jina na asiulize ni la nani, majuto yake ni mjukuu.

Asubuhi yake, kabla hatujapanda gari la kwenda Meru, yule kijana alitujia mbio. Alikuwa amekwisha kupita mlangoni kwa jirani yake, na akamweleza. Jirani akanyamaza kitambo, kisha akacheka, akasema kuwa yeye mwenyewe ana wajukuu watatu wenye jina lake, na akiitwa huitika wote wanne. Wakanywa chai. Hakusilimu, wala hatukusema kuwa angesilimu. Lakini uhasama uliondoka, na haya ilimtoka kijana.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuthibitisha kabla ya kusema, atuepushe na kumzulia mtu jambo asilolitenda, na atukutanishe Siku ya Kiyama, siku ambayo kila mtu atajulikana kwa amali yake. Amin.