Uchachu Ndani ya Bia

Punje ya shayiri imejaa wanga. Wanga ni sukari iliyofungamana katika minyororo mirefu, na hamira, kiumbe mdogo asiyeonekana kwa macho anayegeuza sukari kuwa kileo, haiwezi kuila ikiwa katika hali hiyo. Kwa hiyo mpika bia huiloweka nafaka mpaka ichipue. Inapochipua, hutengeneza vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia. Ikikaushwa ndipo huitwa kimea. Kimea kilichosagwa kikichanganywa na maji yenye joto la nyuzi 65 hivi za Selsiasi, vimeng'enya huikata minyororo ile, na maji huwa matamu.

Maji hayo huchemshwa pamoja na hopi, maua ya mmea unaotambaa, ambayo huleta uchungu na kuzuia baadhi ya bakteria. Bado si bia. Kinachobaki ni hamira, na hapo ndipo ladha huamuliwa.

Mwaka 1883, Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifaulu kutenga chembe moja ya hamira na kuizalisha peke yake. Bia nyingi zilikuwa zikiharibika wakati huo, hivyo faida yake ilikuwa kubwa mno. Viwanda vilipata ladha ileile kila siku. Lakini pia mnywaji alizoea kuamini kwamba bia yenye uchachu imeharibika, na imani hiyo si sahihi daima.

Ushahidi uko Brussels na bonde la mto Senne, inakopikwa bia iitwayo lambic. Hutumia kimea cha shayiri na ngano isiyochipuzwa, pamoja na hopi iliyokaa muda mrefu hadi uchungu wake ukapungua. Baada ya kuchemshwa, humiminwa katika chombo kipana, chenye kina kifupi, na kuachwa wazi usiku kucha. Hakuna anayetia hamira. Vijidudu hutoka hewani na katika mbao za mapipa. Kazi hii hufanywa miezi ya baridi tu, kwa sababu joto huzidisha bakteria waharibifu.

Ndani ya pipa vijidudu hupokezana. Hamira ya kawaida hula sukari nyepesi na kutoa kileo. Bakteria wa asidi ya laktiki, asidi ileile ya maziwa mgando, huleta uchachu. Kisha hufuata Brettanomyces, hamira ya polepole iliyotambuliwa mwaka 1904 huko huko Carlsberg, yenye harufu ya ngozi na nyasi kavu. Lambic ya mwaka mmoja ikichanganywa na ya miaka miwili na mitatu hupatikana gueuze: sukari iliyosalia katika ile changa huchacha ndani ya chupa na kutoa povu. Kwangu, hakuna bia inayodai subira kubwa zaidi.

Mwaka 2016 UNESCO iliutambua utamaduni wa bia wa Ubelgiji kuwa urithi wa binadamu. Wachaga wa Kilimanjaro nao hupika mbege kwa ndizi na kimea cha ulezi, wakiitia uchungu kwa gome la msesewe. Ndizi zilizochemshwa huachwa zichache zenyewe kwa siku kadhaa. Kisayansi mbege ni jamaa ya lambic, na inastahili kuonjwa kwa makini yaleyale: kwanza harufu, kisha uchachu, kisha uchungu unaobaki ulimini.