Mwalimu Akishuka: Jinsi ya Kujiandaa Kurusha Helikopta Peke Yako

Siku mwalimu atakapofungua mlango wa kushoto, akashuka na kukuachia helikopta, hutabaki na mashine ileile uliyozoea kuirusha naye. Itakuwa imepungua kilo sabini, themanini, au zaidi. Pua itataka kuinuka, upande wa kulia uliokalia utakuwa mzito, na ukivuta kidogo tu itapanda upesi kuliko ulivyotarajia. Wanafunzi wengi huambiwa wasiogope, na kwa maoni yangu ushauri huo hauna msaada mkubwa. Kinachomsaidia mwanafunzi ni kujua mapema nini kitabadilika, na kuwa na mikono iliyokwisha kuzoea kufanya kidogo na kusubiri.

Mfano wangu ni Robinson R22, helikopta ya viti viwili iliyopata idhini Marekani mwaka 1979 na ambayo wanafunzi wengi duniani wameanzia kwayo. Ni nyepesi, ni ya haraka kuitika, na haimvumilii mzembe. Uwanja wangu ni Wilson, Nairobi, kwa kuwa pale hewa ni nyepesi na ndege ni nyingi, na mambo hayo mawili humkomaza mwanafunzi mapema.

Tuanze na mikono. Mkono wa kushoto hushika kolektivu, wenzo ulioko pale ambapo kwenye gari ungekuta breki ya mkono. Ukiuvuta, mapanga yote mawili ya rota kuu hubadili pembe kwa pamoja na helikopta hupanda, ukiushusha, hushuka. Kwenye ncha yake kuna throto ya kuzungusha, ambayo kifaa kiitwacho gavana huisimamia ili mizunguko ya rota isibadilike ovyo. Mkono wa kulia hushika saikliki, fimbo inayoamua rota iinamie upande gani, na miguu iko kwenye pedali za rota ya mkia. Ugumu ni kwamba hakuna unachogusa kikakaa peke yake. Vuta kolektivu, pua itageukia kulia, kwa hiyo utakanyaga pedali ya kushoto. Rota ya mkia nayo itaisukuma helikopta yote kuelekea kulia, kwa hiyo utaizuia kwa saikliki kidogo kushoto. Haya yote hutokea wakati mmoja, ndani ya pumzi moja.

Ndiyo maana somo la kuelea, yaani kuiweka helikopta hewani mahali pamoja, kimo cha mita moja hivi, huwatoa watu jasho. Kosa la karibu kila mwanafunzi ni kufukuzana na mashine. Anasukuma saikliki, haoni kitu, anasukuma tena. Mara misukumo yote miwili inafika pamoja, helikopta inachomoka mbele, naye anaivuta nyuma kwa nguvu maradufu. Dawa yake ni hii: laza mkono wa mbele juu ya paja, shika mpini kwa vidole na si kwa ngumi, bonyeza kidogo mno, kisha subiri uone. Saikliki ya R22 ina mpini unaobembea juu na chini bila kubadilisha chochote angani. Usihangaike na kubembea huko. Kinachohesabika ni kwenda mbele, nyuma, kushoto na kulia.

Macho yako yasiwe kwenye nyasi zilizo chini ya miguu yako. Chagua kitu kilichosimama mbali, mita hamsini au zaidi: nguzo ya uzio, kona ya hanga. Ukitazama karibu utaona kila mtikisiko na kujibu kila mtikisiko. Ukitazama mbali utaona mwelekeo, nao ndio unaopaswa kuujibu. Na uchezeshe vidole vya miguu ndani ya viatu; mtu akikaza miguu hukaza na mabega, na mabega yakikaza saikliki huwa nzito.

Mwombe mwalimu akupe kifaa kimoja kimoja: leo pedali tu, yeye ashike vingine, kisha kolektivu, saikliki mwisho. Usione haya kuomba. Dakika ishirini za kuelea katika somo moja zinatosha kwa wengi, kwani baada ya hapo mikono hujifunza uchovu. Nendeni mkafanye mizunguko ya uwanja, mrudi tena. Na ukiweza, panga masomo yako yawe mawili au matatu kwa wiki. Anayeruka mara moja kwa mwezi hutumia nusu ya kila somo kukumbuka alichosahau, na saa za helikopta si za bei rahisi.

Sasa hewa. Wilson iko futi 5,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Alasiri ya nyuzijoto 25, hewa huwa nyepesi kiasi kwamba injini na mapanga hufanya kazi kana kwamba viko karibu futi 8,000. R22 hairuhusiwi kuzidi kilo 622 ikiwa na watu na mafuta ndani, na katika hewa ya namna hiyo hata uzito ulio ndani ya kikomo unaweza kuwa mwingi kuliko nguvu iliyopo. Kwa hiyo fanya hesabu ya uzito kila asubuhi, kwa kalamu, hata kama ni helikopta uliyoirusha jana. Kisha inua mita moja, elea, na usome geji ya manifoldi, inayoonyesha nguvu ya injini, ukiilinganisha na kibao cha vikomo kilichobandikwa ndani. Nafasi iliyobaki kati ya unachotumia na kikomo ndiyo akiba yako. Ikiwa ndogo, siku hiyo hakuna kutua kwa mteremko mkali wala kuingia mahali palipobanwa na miti.

Julai ina mtihani wake. Nairobi huwa na mawingu, baridi na unyevu, na hali hiyo hugandisha barafu ndani ya kabureta hata kama hakuna barafu popote nje. R22 ina kabureta. Kitabu chake kinataka ukishusha nguvu chini ya inchi 18 kwenye geji ya manifoldi, ufungue joto la kabureta lote, bila kujali geji ya joto inasema nini. Lifanye liwe jambo la mkono, kama kanuni na si kama uamuzi.

Hilo linatuleta kwenye injini kunyamaza. Helikopta isiyo na injini haianguki kama jiwe iwapo rubani atashusha kolektivu mara moja. Hewa inayopanda kutoka chini huendelea kuzungusha rota, na unateremka ukiwa na uwezo wa kuchagua pa kutua. Huku ndiko kuitwako otoroteshoni. Neno zito hapo ni mara moja. Rota ya R22 ni nyepesi na hupoteza mizunguko ndani ya muda mfupi mno. Honi ya onyo hulia mizunguko ya rota ikishuka hadi asilimia 97, na kitabu kinaonya kuwa ikishuka chini ya asilimia 80, ukiongeza asilimia moja kwa kila futi 1,000 za kimo, mapanga yanaweza kupoteza hewa kabisa na yasirudi tena. Piga hesabu hiyo ukiwa Wilson: mpaka wako wa hatari tayari umepita asilimia 85. Kati ya honi na maafa hakuna nafasi ya kutafakari.

Kwa sababu hiyo, kabla hujaachiwa helikopta, jibu la honi liwe limeingia kwenye mifupa. Kolektivu chini, throto iongezwe, kwa pamoja. Na ukiwa unakwenda mbele, saikliki nyuma kidogo. Injini ikiwa imekufa kweli, kolektivu chini kabisa, pedali ya kulia, mwendo wa noti 65, yaani kilomita 120 kwa saa hivi, na macho kwenye uwanja uliouchagua. Karibu futi 40 unainua pua kupunguza kasi; karibu futi 8 unaisawazisha helikopta na kuvuta kolektivu ili itue taratibu. Keti sebuleni, fumba macho, na uyapitie haya kwa mikono mitupu kila jioni. Hata watoto wa nyumbani wakikuuliza unafanya nini, endelea.

Makatazo mawili nayo yawe amri. La kwanza: usisukume saikliki mbele kwa ghafla baada ya kupanda, kiasi cha kuhisi mwili unaelea kitini. Rota ya mapanga mawili ikikosa mzigo, helikopta hubingirika kulia yenyewe, na anayejaribu kuizuia kwa saikliki ya kushoto anaweza kuvunja mlingoti wa rota. Ukihisi wepesi huo, rudisha saikliki nyuma taratibu kwanza. Msukosuko wa hewa nao unaweza kuleta wepesi huohuo, kwa hiyo ukiona upepo mkali unavuka vilima vya Ngong, upande wa vilima ulio kinyume na unakotoka upepo hauna kazi na mwanafunzi. La pili: ukiwa chini ya noti 30, usishuke kwa zaidi ya futi 300 kwa dakika ukiwa na nguvu ya injini, usije ukazama ndani ya hewa uliyoisukuma mwenyewe.

Mwalimu akiona yametosha, atakuachia. Marekani, kanuni maalumu ya mwaka 1995 ilimtaka mwanafunzi wa R22 awe na saa 20 pamoja na mwalimu kabla ya kuruka peke yake, na nadhani kiwango hicho ni cha busara popote. Cheti cha afya na leseni ya mwanafunzi viwe tayari mapema. Ni aibu kukosa asubuhi tulivu kwa sababu ya karatasi. Kama una mwili mdogo, angalia pia uzito wa chini: R22 hutaka rubani wa peke yake asipungue kilo 59, la sivyo hesabu ya mizani ifanywe na pengine mzigo uongezwe.

Omba iwe asubuhi, upepo ukiwa bado umelala. Mwalimu anaposhuka mapanga yakizunguka, mtazame mpaka atokee mbele yako na umwone yuko salama. Asipite nyuma, kwenye rota ya mkia. Hakikisha mkanda wa kiti kitupu umefungwa, hakuna waya wa visikizio unaoning'inia, na mlango umebana. Kisha vuta kolektivu taratibu kuliko ulivyowahi kuivuta. Helikopta ikianza kuwa nyepesi, simama hapo. Sikiliza kwa kiti. Utahitaji saikliki mbele kidogo na kushoto kidogo kuliko ulivyozoea. Mguu mmoja wa helikopta ukionekana kung'ang'ania ardhi huku mwingine unainuka, shusha kolektivu, anza upya; kuulazimisha ni kuipindua.

Ukishaelea, tulia. Usome geji: nguvu itakuwa chini ya uliyoizoea. Ukianza kwenda mbele utahisi mtetemo mfupi, kati ya noti 16 na 24 hivi, rota inapoingia kwenye hewa safi. Pua itataka kuinuka, izuie. Utafika kimo cha mzunguko kabla ya pale unapokunja kawaida, basi usishangae. Kurudi ndiko wengi hukosea, kwa sababu helikopta nyepesi haitaki kushuka, mwanafunzi hujikuta juu mno, naye huishusha kolektivu kwa pupa karibu na ardhi huku mwendo umeisha. Ukijiona juu, zunguka tena. Mnara wa kuongozea ndege hautakukasirikia. Ukichanganywa na redio, irushe kwanza helikopta, njia iwe ya pili, maneno yasubiri. Na uangalie ndege wenye manyoya: makorongo wa Nairobi hupanda na hewa ya joto asubuhi ikikomaa, na kioo cha R22 ni chembamba.

Safari zinazofuata ni hatari kwa njia nyingine, kwani hofu imekwisha na mazoea hayajakomaa. Nyumbani watataka uwapitie, utue shambani, watu waone. Kataa. Kila Mkenya amewahi kuona umati ukikimbilia helikopta kwenye mkutano wa siasa, na umati haujui rota ya mkia iko wapi, kwani ikizunguka haionekani. Mwanafunzi akiwa peke yake hana mtu wa kuwazuia.

Leseni ya binafsi, kwa viwango vya kimataifa, hudai saa 10 za peke yako, tano kati yake za safari ndefu, na moja ya safari hizo iwe ya kilomita 180 au zaidi, ukitua sehemu mbili tofauti. Kutoka Wilson kuelekea Naivasha na Nakuru, kikwazo ni ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Limuru na Kijabe, ambako mawingu hukaa juu ya mashamba hadi saa nne au tano asubuhi. Mwenzako wa ndege ya mabawa akikuta ukuta huo hana budi kugeuka. Wewe unaweza kugeuka, na unaweza pia kutua. Kama nyuma nako kunajifunga, chagua malisho mapana yasiyo na nyaya za umeme wala mifugo, zunguka juu yake ukiwa na nguvu za kutosha, soma upepo kwa moshi wa jikoni, utue. Marubani wenye saa nyingi kuliko zako wamekufa wakisukuma mbele ndani ya wingu kwa sababu waliona haya kutua. Zima injini, kaa ndani mpaka mapanga yasimame kabisa, mpigie mwalimu simu umweleze ulipo, kisha umwamkie mwenye shamba na umweleze kwa nini ng'ombe wake wameshtuka.